Mbuzi Tisa wa Wanawake Watano

Juma lililopita niliwaacha nimeshika simu, mdomo wazi. Mdomo nimeshaufunga. Simu bado ninayo, ila salio limekwisha.

Kwa wale ambao gazeti lao lilifungiwa maandazi kabla hawajalisoma, nawarudisha nyuma kidogo.

Mimi ni Loisi, mjane wa Yoramu, darasa la saba la zamani, lile la kuchapwa. Naishi kijijini, njia ya Kongwa. Wifi yangu Emilia, dada wa marehemu mume wangu, ndiye aliyetuletea mikopo. Alitukusanya wanawake watano, akatubatiza Kikundi cha Upendo, akajipa uenyekiti. Upendo wenyewe sijawahi kuuona. Labda ulikuwa likizo.

Shirika la mikopo lilitaka kila mama aonyeshe mbuzi wanane wa dhamana, na kila mmoja amdhamini mwenzake. Sisi watano, ukitukung'uta wote, tulikuwa na mbuzi tisa. Hao tisa walilala zizini kwangu, na hawakuwa wangu. Walikuwa wa Matonya, rafiki wa marehemu mume wangu, aliyehamia Mpwapwa akaniachia niwalee, kama wazee wetu walivyozoea kuwekeana mifugo. Wewe unakamua maziwa, mwenye mbuzi anabaki mwenye mbuzi.

Basi afisa mikopo alipokuja, kijana mmoja aitwaye Optatus, tukamtembeza nyumba hadi nyumba. Akinywa chai kwa mmoja, mbuzi wanapitishwa nyuma ya vichaka kwenda kwa mwingine. Akawapiga picha nyumba zote tano. Akaandika mbuzi arobaini na watano. Akasifu, "Kijiji hiki mbegu yenu ya mbuzi ni moja." Tukasema ndiyo, baba, mbegu ni moja.

Tukapewa laki nane kila mmoja. Karatasi ilisema mradi wa kuku. Mimi nikaezeka bati. Miaka yangu yote nimelala chini ya tembe la udongo, mvua ikinyesha nje inanyesha na ndani, na nilisema nife nimelala mahali pakavu hata mwaka mmoja.

Wasiojua mikopo ya kila wiki, ile watu wanayoiita kausha damu, wamshukuru Mungu. Ruthu, mwenzetu wa tano, alirejesha wiki sita, kisha akakimbilia Makutupora kwenye mashamba ya zabibu, akazima simu. Deni lake likatuangukia sisi wanne, na la kwetu lilikuwa limeshatushinda. Ndipo Optatus akanipigia ile simu: "Bibi, Alhamisi nakuja na Fuso. Nachukua mbuzi wa dhamana. Asiye na mbuzi, naezua bati."

Na mawingu yalikuwa yameshaanza kujikusanya upande wa Mpwapwa.

Alhamisi asubuhi tukakutana uani kwa Emilia. Tulikuwa wanne: yeye, mimi, Nasra wa genge la nyanya, na Gladness, ambaye ni mdogo kuliko sisi sote na anasali kuliko sisi sote tukijumlishwa.

Emilia hakutukaribisha hata kigoda.

"Nimeongea na Optatus," akasema. "Leo anahakiki tu. Akikuta kila mtu ana mbuzi wake, Fuso linarudi tupu, sisi tunaongezewa wiki mbili. Kwa hiyo tunafanya kama siku ile. Mbuzi wanaanzia kwangu, wanakwenda kwa Nasra, kwa Gladness, wanamalizia kwa Loisi."

"Siku ile walianzia kwangu," nikasema.

"Siku ile ilikuwa siku ile."

"Mbuzi wanalala kwangu, wifi. Watoke kwangu waje kwako, halafu wazunguke kijiji kizima warudi kwangu? Wanakwenda kliniki?"

Nasra akacheka. Emilia akamtazama, kicheko kikarudi kilikotoka.

"Mwenyekiti hapa ni nani?" Emilia akaniuliza.

"Wewe."

"Na nani aliwatoa ujinga akawaleta kwenye mikopo?"

"Wewe, wifi. Ndiyo maana kila tukisali tunakutaja, kila mtu kwa namna yake."

"Mdomo wako huo, Loisi, ndio uliomuua kaka yangu."

"Kaka yako aliuawa na pombe ya mtama. Na mpishi wa pombe ulikuwa wewe."

Gladness akasimama katikati, mikono kifuani. "Jamani mama zangu, sisi ni Kikundi cha Upendo."

"Nyamaza!" tukamwambia, mimi na Emilia kwa pamoja. Mwaka huu hatujawahi kukubaliana jambo jingine.

Nikawaswaga mbuzi mpaka kwa Emilia. Kati ya nyumba yake na yangu pana ua wa minyaa tu, ila siku hiyo niliona safari ndefu. Zizi lake, ambalo halijaingia mbuzi tangu mwaka wa ukame, lilikuwa limefagiwa na kuwekwa mlango mpya wa mbao.

Ningekuwa na akili ningejiuliza: mtu anayeazima mbuzi kwa nusu saa anajenga mlango wa nini?

Sikujiuliza. Nilifikiri ni adabu.

Optatus alifika saa nne, pikipiki mbele, Fuso nyuma. Juu ya Fuso walikaa vibarua wawili na ngazi.

Ngazi ile niliiona mapema. Nikajiambia, mbuzi hapandi gari kwa ngazi.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba, baba."

Mara ya kwanza alikuja na kalamu. Leo alishuka na kopo la rangi nyekundu na brashi.

"Hiyo ya nini, baba?" nikamuuliza.

"Ofisi imebadili utaratibu, bibi. Kila mbuzi anaandikwa herufi ya mwenyewe. Kuna wilaya nyingine watu wanaazimana mbuzi."

"Wanaazimana mbuzi!" Nasra akashangaa, kwa sauti kubwa kuliko mshangao wenyewe. "Dunia imekwisha!"

"Na rangi hiyo inatoka kwa maji?" nikauliza, kama mtu anayeuliza bei tu.

"Ni ya mafuta, bibi. Hata mvua ya miezi mitatu haiitoi."

Akaingia zizini kwa Emilia, akaanza. E. E. E. Ubavuni, kubwa kama sahani ya pilau. Yule jike mzee mwenye pembe iliyovunjika alitulia kama anashonewa nguo. Beberu alikataa, akapigwa E yake shingoni. Mbuzi tisa, E tisa.

Kule nyuma ya kichaka Gladness alikuwa amesimama na fimbo, tayari kuwaswaga mbuzi kwenda kwa Nasra. Maskini, hakuna aliyekumbuka kumwambia kwamba safari imevunjika.

Optatus akafunika kopo. "Haya, mama mwenyekiti. Kama tulivyoongea. Dhamana yako imetimia, deni lako nalifuta leo leo."

Kama tulivyoongea!

Emilia hakunitazama. Alikuwa anajifuta mikono kwenye kanga, mikono ambayo haikuwa imegusa kitu.

Hapo nikaelewa mlango mpya. Mbuzi niliowalea mimi, niliowatoa zizini kwangu kwa miguu yangu mwenyewe, walikuwa wamemlipia deni mwanamke ambaye kwenye msiba wa mume wangu alihesabu sufuria zangu kabla ya maiti kutoka. Yeye kabaki na deni lililofutwa. Mimi nimebaki na bati.

"Twende kwa Bibi Loisi," Optatus akasema. Vibarua wakabeba ngazi.

"Bibi, mbuzi wako wako wapi?"

"Malishoni."

"Malisho gani?"

"Ya mbali. Mbuzi wangu wanapenda kutembea."

"Mbuzi gani?" Emilia akadakia. Alikuwa ametufuata, kanga kaifunga vizuri kama anayekwenda kupokea mahari. "Baba, usipoteze muda wako. Huyu hana mbuzi. Zizi lake hilo, tupu."

"Kinyesi ni cha leo," nikasema. "Kishike uone kama hakina joto."

"Kinyesi hakilipi deni."

"Kingelipa, wifi, wewe ungekuwa tajiri kwa yale unayoyasema tu."

Optatus akatikisa kichwa kwa masikitiko. Vijana wa mikopo wanafundishwa kusikitika, nadhani ni kozi ya wiki mbili. "Bibi, mimi kama mjukuu wako naumia. Lakini kazi ni kazi."

"Mjukuu wangu haezui nyumba ya bibi yake."

"Pandeni," akawaambia vibarua.

Sijui kama mmewahi kusikia msumari wa bati ukilia ukitolewa. Wa kwanza ukalia. Wa pili ukalia. Bati la kwanza likateremshwa, likalazwa uani kwangu, na jua likaingia ndani ya nyumba likakaa juu ya magunia yangu ya uwele kama mgeni asiyebisha hodi.

Majirani walishajaa. Nyumba ikiungua huku kwetu wanakuja watatu na ndoo moja. Ikiezuliwa kwa deni wanakuja wote, na wengine wanakuja na vigoda.

Emilia akasogea karibu, akaniambia kwa sauti ya chini, ya sukari: "Rudi kwenye tembe, wifi. Lilikuwa linakupendeza."

Hilo ndilo lililonimaliza.

"Hao mbuzi si wa Emilia!" nikapiga kelele. "Hata mmoja! Na wala si wangu! Ni wa Matonya! Na siku ile, wewe kijana, ulipiga picha mbuzi walewale nyumba tano. Fungua simu yako utazame!"

Nasra akaanza kuondoka polepole, akakuta njia imejaa watu, akarudi.

Optatus akafungua simu. Akapitisha kidole. Jike mwenye pembe iliyovunjika, kwangu. Jike mwenye pembe iliyovunjika, kwa Nasra. Kwa Gladness, amegeuka pembeni. Kwa Emilia, anakula kamba. Kwa Ruthu, anaitazama kamera kabisa, kama mgombea udiwani.

Nilidhani kijana ataanguka. Hakuanguka. Aliniinamia mpaka nikasikia harufu ya mafuta yake ya nywele.

"Bibi, unataka kunifunga?" akanong'ona. "Mbuzi arobaini na watano nimewaandika kwa mkono wangu. Makao makuu wakijua walikuwa tisa, mimi ndiye wa kwanza kuingia ndani. Na wewe utaniletea ugali?"

"Nitakuletea na mlenda."

Akasimama wima, uso umebadilika. Yale masikitiko ya wiki mbili yalikuwa yamekwisha, imebaki sura yake mwenyewe, na haikuwa nzuri.

"Mimi sijui Matonya!" akatangaza. "Mbuzi wenye E ni wa Emilia. Wapakieni! Na wewe juu huko, endelea!"

Bati la pili likaanza kulia.

Kibarua wa chini akaenda ng'ambo ya ua wa minyaa, akafungua mlango mpya wa Emilia, akamshika jike mwenye pembe iliyovunjika. Akamnyanyua. Kisha akasimama naye mikononi. Akamgeuza kichwa, akatazama sikio. Akamweka chini taratibu, kama mtu aliyebeba mtoto wa watu bila ruhusa.

"Mkubwa," akamwambia Optatus, "hii alama ya kina Matonya."

"Alama gani?"

"Mikato miwili, sikio la kushoto."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo mimi sipakii. Rangi ni ya kwako, sikio ni la kwao."

Ninyi mnaosoma mkiwa mjini mjue jambo hili. Huku kwetu kila ukoo una namna yake ya kukata masikio ya mifugo, na mtoto anajifunza kusoma sikio kabla hajajua herufi. Ukipakia mbuzi wa sikio la watu, utakula nyama yake siku moja na kesi yake miaka kumi.

Watu wakaanza kuguna. Aliyekuwa juu ya nyumba akaacha kung'oa, akasikiliza.

Emilia akaona mambo yanageuka. "Aliniuzia!" akasema. "Matonya aliniuzia mimi mbuzi hawa!"

"Lini?" nikamuuliza.

"Zamani!"

"Kwa bei gani?"

"Nzuri!"

Watu wakacheka. Nami nikapata nguvu, nikashika kiuno, nikasema lile neno ambalo mpaka leo nikilikumbuka najipiga kofi la mdomo.

"Basi Matonya mwenyewe aje aseme!"

"Huyo Matonya anapatikana?" Optatus akauliza.

"Hapatikani, baba. Yuko Mpwapwa, magoti yamekufa, hata kanisani anabebwa. Lakini asipokuja, mbuzi hawapandi gari, na bati langu halishuki mpaka shauri liishe. Si ndivyo, majirani?"

"Ndivyo!"

Jina la mtu aliye mbali ni fimbo nzuri sana. Unampiga nayo adui, na mwenye jina haumii wala haji. Optatus akakaa juu ya pikipiki yake, kichwa mikononi. Emilia akakosa pa kuweka macho. Mimi nilikuwa nimeshinda. Ushindi wenyewe ulidumu kwa muda wa kumeza mate mara mbili.

"Bibi Loisi." Alikuwa Gladness, amechoka kusubiri kichakani, amekuja na fimbo yake mkononi na furaha usoni. "Usihangaike, bibi. Anakuja."

"Nani?"

"Mzee Matonya. Nilimpigia jana. Nilisali kwanza. Nikaona si haki mbuzi wake wahangaike hivi na mwenyewe hana habari."

"Akasemaje?"

"Alinirudisha nirudie mara mbili. Halafu akaniuliza kama nina uhakika wako hai."

Sasa, wasomaji wangu, niwaambie nililowaficha juma lililopita. Sikuwaficha kwa ubaya. Nilikuwa naona aibu, na aibu kwa mtu wa umri wangu ni kitu kigeni, hujui ukiweke wapi.

Ukimlelea mtu mifugo, mnyama akifa unamchuna na kumpelekea mwenyewe ngozi. Ndio ushahidi wako. Bila ngozi, wewe ni mwizi. Ukiwa na ngozi, wewe ni mfiwa.

Matonya aliniachia mbuzi sita. Ukaja ule mwaka wa ukame, mbuzi wa watu wengi wakafa, wa kwangu wakakataa kufa. Nikawatazama. Nikafikiri, Matonya yuko Mpwapwa, ana mashamba, ana watoto wenye mishahara. Mimi nina tembe linalovuja. Nikaenda mnadani, nikanunua ngozi moja ya mbuzi mweupe kwa mchinjaji. Nikakata masikio nikayatupa. Nikaituma kwa basi na maneno: shemeji, ukame umetupiga, na fisi alishakula kichwa.

Akapokea. Akanipa pole.

Baada ya miezi mitatu nikatuma ya pili. Ndani ya miaka miwili nikawa nimetuma sita. Fisi wa kwetu, kwa hesabu zangu, walikuwa wanapenda masikio kuliko nyama.

Ngozi ya sita nilipoituma, nilimpigia nikalia kwenye simu. Nililia vizuri mpaka mwenyewe nikaamini. Wiki iliyofuata akanitumia kwa basi sukari kilo mbili, ya kunifariji kwa kukosa maziwa. Sukari ile niliinywa na chai ya maziwa ya hao mbuzi marehemu.

Hao sita hawakufa, wakazaa, wakawa tisa. Na mimi mjinga, katika hasira zangu za bati, nimesimama mbele ya kijiji kizima nikatangaza kwamba mbuzi ni wa mtu ambaye mbuzi wake wote nilishawazika.

Bodaboda ikasikika barabarani.

Matonya akashuka. Aliruka, tuseme, kwa yale magoti niliyokuwa nimeyaua muda mfupi uliopita. Mzee mrefu, mkavu, koti la suti la miaka mingi, na begani furushi limefungwa kwa kamba ya mkonge. Furushi lile nililitambua kabla halijafunguliwa.

"Mbukwenyi," akasalimu.

Watu wakaitikia.

Hakuuliza kiti. Alifungua furushi, akaanza kutandika ngozi uani kwangu, moja moja, bila haraka, akizinyoosha kwa kiganja kama anatandika kitanda cha mgeni. Sita. Ya mwisho iligusa vidole vya miguu yangu. Zote zilikatwa hapohapo, shingoni, safi kabisa. Fisi gani ana kisu?

"Hizi ngozi ni za nini?" Optatus akauliza.

"Za mbuzi wangu," Matonya akasema. "Walikufa wote. Muulize shemeji yangu, aliwalilia."

Emilia alielewa kabla ya wengine. Niliona tabasamu likimpanda kutoka kidevuni.

Matonya akaingiza mkono mfukoni akatoa chumvi kidogo, akapiga mluzi mfupi, wa chini, wa zizini. Yule jike mwenye pembe iliyovunjika akainua kichwa. Akatoka kwa Emilia, akapenya kwenye ua wa minyaa na E yake ubavuni, akapita juu ya ngozi yake mwenyewe, akaanza kulamba kiganja cha mzee.

Matonya akamshika sikio la kushoto. Akaipapasa mikato miwili kwa kidole gumba.

"Shemeji," akasema, bila kuinua sauti, "huyu ndiye uliyemlilia kwenye simu. Amefufuka lini?"

Uwanja mzima ukaangua kicheko. Emilia alicheka kuliko wote, anajipiga mapaja, anamshika Nasra ili asianguke.

"Wewe usicheke," Matonya akamwambia. "Nimesikia njiani kwamba mimi nilikuuzia. Fedha zangu ziko wapi?"

Kicheko cha Emilia kikafa bila kuacha hata ngozi.

Kisha mzee akanigeukia mimi. Watu wakasogea, hata wenye vigoda wakasimama.

"Yoramu alikuwa ndugu yangu," akasema. "Sitaki kelele, sitaki polisi. Nataka neno moja tu, mbele ya watu hawa. Loisi, mbuzi hawa ni wa nani?"

Nikajaribu kufikiri upesi.

Nikisema ni wa Matonya, mimi ni mwizi wa ngozi sita, na huku kwetu mtu aliyemdanganya mwenye mifugo hawekewi tena hata kuku, yeye wala wajukuu zake. Nikisema ni wangu, Optatus anawapakia kulipia deni langu, bati linabaki, na Matonya anaondoka na furushi lake akijua mimi ni nani. Nikisema ni wa Emilia, Emilia anapona. Hilo la tatu sikulifikiria zaidi. Bora kulala kwenye mvua.

Juu ya nyumba yule kibarua alikuwa bado ameshika nyundo. "Bibi," akaniita, "nishuke au niendelee? Naona tone limenidondokea."

Kila mtu alinitazama. Mbuzi naye alinitazama, mdomo una chumvi.

Hapo shetani, ambaye tunafahamiana tangu shule, akaninong'oneza jina. Jina la mtu asiyekuwepo, aliyezima simu, aliyekimbia deni lake akatuachia sisi. Nani angemtetea? Nilishaumia dakika chache kabla kwa kutumia fimbo hiyohiyo, lakini uzee hausikii kipigo mara ya kwanza.

"Ni wa Ruthu," nikasema.

Nikaendelea haraka, maneno yakijileta yenyewe. "Yaani aliwafanya wake. Ruthu ndiye aliyeniletea hizo ngozi. Ruthu ndiye aliyeniambia mbuzi wako wamekufa malishoni, akawaficha kwake. Mimi mjane, nitajuaje? Mimi nililia machozi ya kweli! Na alipokimbia ndipo nikawaona mbuzi wamerudi zizini kwangu, nikasema ni Mungu."

Watu wakatazamana. Matonya alikunja uso, akafikiri. Optatus akainua kichwa kutoka mikononi. Naapa niliona hata Emilia anaanza kuamini, kwa sababu Ruthu alikuwa na deni lake pia, na deni la mtu linakufanya uamini kila ubaya wake.

Nikashusha pumzi.

Gladness akapiga makofi kwa furaha.

"Basi Mungu ni mwema," akasema. "Maana na Ruthu nilimpigia. Nilimpata kwa simu ya msimamizi wao kule kwenye zabibu." Akanyoosha ile fimbo yake kuelekea barabarani, ambako bodaboda ya pili ilikuwa inakata kona. "Huyo hapo anashuka."